Okapi mfukoni, hapa Bunia

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu visu umesifu makali, uzito hukuugusa. Mimi nilikuwa nikitembea na kisu cha Okapi mfukoni, kile kikubwa cha kukunja chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa mwezi na nyota. Jambo la kwanza nililoliona: suruali inavutwa chini upande mmoja. La pili ni kelele. Ukikifungua, meno ya nyuma yanalia tra-tra-tra na watu sokoni wanageuka. Kukifunga, mpaka uvute kipete kwanza.

Jina lenyewe linanichekesha. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wanasayansi wa Ulaya kumtangaza mnyama okapi. Leo vinatoka Afrika Kusini. Mnyama mwenyewe ni wa kwetu Ituri, kule Epulu, na faida hajaionja.

Kazi kinafanya, tusikinyime haki: kamba za mpira za kufungia bidoni kwenye pikipiki, muwa, magunia. Ila chuma chake kinashika kutu. Ukikatia nanasi ukakiacha bila kufuta, kesho kina madoa meusi. Kipake mafuta kidogo.

Ila kukibeba mfukoni mjini, hapana. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Ukipekuliwa kwenye bariere, nani atakusikiliza habari za mananasi? Changu sasa kinakaa na spana, chini ya kiti cha pikipiki.