Kumwacha Mteja Msumbufu Si Kiburi



Hapa Busale limezuka neno ambalo wengi wamelichukulia kuwa dogo, nami sioni udogo wake. Kijana mmoja wa parokia yetu, ambaye hujipatia riziki kwa kuosha madirisha ya nyumba za watu, alimwambia mteja wake mmoja kwamba hatarudi tena kumfanyia kazi. Hakumtukana, wala hakuvunja kioo. Alisema tu: "Shikamoo mzee. Deni langu ni la safari tatu. Ukinilipa nitashukuru, lakini kazi ya hapa kwako nimeiacha." Kwa maneno hayo aliitwa mbele ya jumuiya yake, akahojiwa saa nzima juu ya kiburi, juu ya adabu kwa wakubwa, na juu ya uvumilivu wa Kikristo. Mzee mwenye deni hakuitwa.

Ninaandika kuipinga hukumu ile. Ninaipinga nikijua kwamba waliomketisha kijana ni watu wema, wanaosali Rozari kila jioni, na ndiyo sababu jambo lenyewe linanisumbua zaidi.

Wasioijua kazi ya kuosha madirisha huicheka. Lakini fikirini mahali tunapokaa. Kyela hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Matone yanapopiga uwanja usio na majani hurusha tope hadi kwenye vioo. Kiangazi kikija, huja na vumbi la barabara na moshi. Ukishuka kuelekea ziwani kuna kungu, wale wadudu wanaopanda juu ya maji kama moshi mweusi, ambao wenyeji huwakusanya na kuwafanya kitoweo, lakini ambao juu ya kioo na wavu wa mbu si kitoweo hata kidogo. Tena nyumba zenye madirisha ya alumini zimeongezeka mwaka hadi mwaka, kwa fedha za kakao na mpunga na mishahara. Basi kazi ipo. Kijana huyu ana ndoo, sabuni, vitambaa, magazeti ya zamani ya kung'arishia, na ngazi ya mianzi aliyoiunga mwenyewe. Huzungukia nyumba kadhaa kwa zamu, ili kila nyumba ifikiwe baada ya majuma kadhaa. Huko Uingereza waosha madirisha hufanya vivyo hivyo. Kila mmoja ana mzunguko wake wa nyumba, na mzunguko huo ni mali, hata mtu akistaafu huweza kumwuzia mwenzake. Mteja asiyelipa hufutwa humo, wala hakuna anayemwita mwosha madirisha barazani kwa sababu hiyo.

Na sasa tumtazame huyo mteja wetu. Bei ilipatanwa mapema: madirisha yote ya nyumba, ndani na nje. Safari ya kwanza alilipa nusu. Safari ya pili kwenye madirisha iliongezwa kazi ya kufuta mapangaboi, kisha gari, kwa bei ile ile, kwani "maji si unayo tayari?" Safari ya tatu kijana aliambiwa kioo kimoja kimekwaruzwa, nacho kilikuwa na mkwaruzo tangu fundi alipokipachika. Malipo yakawa ni "njoo kesho", na kila kesho ikafungwa kwa neno zuri la kwetu, "ndaga fijo". Ndugu zangu, ndaga ni neno tamu, nami hupenda kulisikia. Lakini hakuna duka hapa Busale linalopokea ndaga kwa kilo ya sukari.

Hesabu hii wengi wetu hatuifanyi, kwa hiyo nitaifanya. Nyumba moja humla kijana asubuhi nzima. Akirudi mara tatu kudai fedha ya asubuhi moja, na kila mara akaketishwa ukumbini angoje mzee aamke, amepoteza asubuhi tatu ambazo angeosha nyumba tatu nyingine. Kwa hiyo mteja yule hakumdhulumu ujira mmoja tu; amekula na ujira wa nyumba zisizooshwa. Anayejiajiri hana mshahara wa siku ya kungoja. Muda wake ndio shamba lake, na mteja msumbufu ni kama ng'ombe aliyefunguliwa ndani ya mpunga. Je, mwenye shamba akimtoa ng'ombe, tunamwita mwenye kiburi?

Mzee mmoja aliniambia: "Baba Paroko, mfanyakazi akionewa, serikali ipo." Ipo kwa nani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humlinda mwajiriwa. Ameachishwa isivyo haki, huenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotungiwa sheria mwaka 2008, hujengwa kwa michango ya waajiri. Kijana wa ndoo na ngazi hana mwajiri. Akianguka kutoka dirisha la juu, hospitali ni juu yake na mama yake. Kweli, mapatano ya mdomo nayo ni mkataba mbele ya sheria yetu, na deni la namna hiyo laweza kudaiwa Mahakama ya Mwanzo. Lakini nani kati yenu amewahi kumwona mtu wa ndoo akimshitaki mtu wa gari kwa shilingi elfu ishirini? Nauli ya kwenda na kurudi ingeimaliza. Mwaka 2018 serikali ilitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, ili wasisumbuliwe na watoza ushuru. Dhidi ya mteja asiyelipa, kitambulisho kile hakikuwa na neno. Na kabla ya hapo, mwaka 1983, kwa sheria ya Nguvu Kazi, wengi waliojitafutia riziki mijini walikamatwa kama wazururaji, kana kwamba mtu asiye na bwana hana kazi. Nadhani mawazo ya wakati ule hayajatutoka. Bado twaamini moyoni kwamba anayejiajiri ni mtumishi wa kila mtu.

Basi silaha iliyobaki mkononi mwake ni moja tu, nayo ni kusema: sitarudi. Hana chama, hana mwanasheria, hana mgomo. Jumuiya ilipomwamuru arudi akaombe radhi, ilimnyang'anya hata hiyo moja.

Tena wakamsomea uvumilivu. Hapa nami nitafungua Maandiko, maana yalifunguliwa upande mmoja tu. Someni Mwanzo, sura ya 31. Yakobo alimtumikia Labani miaka ishirini, na Labani akambadilishia ujira mara kumi. Labani hakuwa mgeni. Alikuwa mjomba wake na mkwe wake, mzee wa heshima zote. Yakobo alifanya nini? Aliondoka. Wala Mungu hakumkemea Yakobo. Ni Labani aliyeonywa usiku katika ndoto. Mitume nao waliagizwa kwamba nyumba isiyowapokea watoke humo, wakikung'uta mavumbi ya miguu yao. Na Sheria ya Musa ilimwagiza nani awe mwangalifu, kibarua au mwenye nyumba? Iliagiza ujira wa mtu wa kutwa usilale kwa aliyemwajiri hadi asubuhi. Ujira wa kijana huyu umelala majuma kadhaa, nasi tukamwendea yeye na mahubiri.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi anayekubali masharti magumu kwa sababu ya shida au hofu ameonewa, hata kama alitamka kwa kinywa chake kwamba amekubali. Tafakarini hapo. Kijana akirudi kwa mzee yule kwa kuogopa jumuiya, tutasema wamepatana. La hasha! Hofu imehama tu kutoka sebuleni kwa mzee ikaingia kwenye kikao cha sala.

Wako wanaosema kwamba desturi yetu ya Kinyakyusa haimruhusu kijana kumwacha mzee. Desturi ipi? Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu juu ya ukwangala, ile furaha ya kukaa na wenzako, kula na kunywa nao kwa ukarimu. Waliandika pia juu ya pumzi ya watu, yaani manung'uniko ya majirani yanayomfikia mtu aliyekosa. Lakini waliona na jambo hili: watu walihama. Aliyegombana na wenzake au kuogopa uchawi alihamia kijiji kingine, na heshima ya chifu ilikuwa katika wingi wa watu waliokubali kukaa naye. Babu zetu waliweza kumhama chifu, na mjukuu wao asiweze kulihama dirisha? Ukwangala ulikuwa wa kula pamoja. Mmoja anapokula na mwingine akaosha vyombo bila kulipwa, tutafute jina jingine.

Sitaki kusemwa kwamba nimewapa mafundi wote ruhusa ya kuwatupa wateja kama maganda ya ndizi. Yupo asiyelipa na yupo asiyeweza kulipa, na dhamiri hujua tofauti. Mama mjane aliyesema tangu mwanzo kwamba atalipa mpunga utakapovunwa, amepatana. Kumwacha mwezi Machi kwa kuwa hana fedha ni kuvunja neno. Mkulima anayengoja fedha za kakao yake kutoka mnadani, akikueleza hivyo, mngoje. Mgonjwa mwenye maneno makali mvumilie kidogo. Maumivu nayo husema. Msumbufu ni yule mwenye uwezo anayeufanya unyonge wako kuwa punguzo la bei. Na yule anayekuambia upande juu ya pipa kwa kuwa hataki kukungojea ukalete ngazi, huyo mwache siku hiyo hiyo, hata akilipa taslimu.

Kuna na namna ya kuacha. Yakobo alikosea katika hilo: aliondoka kwa siri, akafukuzwa siku saba, na ilibidi warundike mawe ya ushuhuda ndipo waachane kwa amani. Afadhali kusema mapema. Ukianza dirisha, limalize. Ukipokea kianzio, kirudishe au kifanyie kazi. Mwambie mtu mwenyewe, si jirani yake, wala usimtangaze kijiweni kwa waendesha bodaboda. Wengine hunishauri kwamba njia ya upole ni kupandisha bei hadi mteja akimbie, au kusema "nimebanwa na kazi" ilhali umelala. Seminarini tulibishana sana juu ya mipaka ya kuficha ukweli, na sitayarudia mabishano yale hapa. Nasema tu kwamba uongo huo humwacha mteja bila kujua kosa lake, naye atamfanyia vivyo hivyo mwosha madirisha mwingine. Kijana wetu alisema ukweli kwa heshima, na shikamoo juu. Ndiye aliyefuata njia iliyo ngumu zaidi.

Kwa viongozi wa jumuiya nina ombi moja, nalo si la mapambo. Deni la ujira likiletwa kwenu, waiteni wawili au msimwite yeyote. Mwulizeni kwanza mwenye nyumba: bei ilikuwa ngapi, umelipa ngapi? Dawa ya deni ni kulipa, na swali la kiburi laweza kungoja hadi fedha ihesabiwe mezani. Vijana wafundisheni kuandika daftari: tarehe, kazi, bei, kilicholipwa. Kijana huyu analo, la kurasa chache, limelowa pembeni kwa maji ya sabuni. Nimelisoma.

Na humo ndani nilikuta jina lisilonifurahisha. Ukurasa wa nne umeandikwa "Kanisani". Kabla ya sikukuu ya somo wa parokia, miaka mitatu mfululizo, aliosha madirisha yote ya kanisa na ya nyumba ya mapadre, na mbele ya kila tarehe pameachwa wazi pa kuandikia malipo. Sisi tuliita majitoleo. Sikumbuki kama kuna aliyemwuliza yeye anaitaje. Nilipanda altareni siku zile tatu, mwanga ukiingia vizuri, nikawashukuru wafadhili kwa majina na waimbaji kwa makofi.

Nimeketi na mhasibu wa parokia, tumehesabu, na Jumatatu iliyopita amelipwa yote. Nilimwuliza kama ataendelea na madirisha ya kanisa mwaka huu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba, nitaendelea, ila tupatane kwanza." Nikamwambia bei aitaje yeye. Ameitaja. Ni kubwa kuliko nilivyodhani, naye mhasibu alinitazama kwa jicho. Tumekubali, na nusu imelipwa kabla ya kazi.