Chakula Kwanza, Michezo Baadaye

Wazazi wapenzi, mnapokusudia kuwapeleka watoto katika bustani ya michezo wakati wa likizo, mnahesabu nauli na kiingilio. Je, chakula mmekihesabu?

Sikieni habari ya Buena Park, katika California, Marekani. Mwaka 1934, wakati wa dhiki kubwa ya fedha, mama Cordelia Knott, mke wa mkulima, alianza kuwauzia wageni kuku wa kukaanga. Siku ya kwanza aliuza sahani nane tu, nazo zilikuwa sahani zake za arusi. Bei ilikuwa senti 65. Sifa zikaenea, watu wakaja wengi mno, wakawa wakingoja mlangoni saa nyingi. Basi mwaka 1940 mumewe, Walter, alianza kujenga mji mdogo wa mfano wa kale, ili wenye kungoja wapate cha kutazama. Ndivyo ilivyozaliwa bustani kubwa ya Knott's Berry Farm. Hata leo wageni hula kuku pale.

Mtoto mwenye njaa haoni uzuri wa bembea, hulia tu. Afadhali kuacha mchezo mmoja, jamaa yote ikakae mezani pamoja.