Aliyeizima Siye Aliyeiharibu

Siandiki haya kwa furaha, maana mshtakiwa mmoja katika kesi hii ni mimi mwenyewe. Lakini nimechoka kulisikia maofisini neno hili: "Seva ilikuwa nzima mpaka fulani alipoizima." Hilo ni neno la uonevu.

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, kijana wa zamu aliagizwa kuizima na kuiwasha upya seva ya mishahara, ili masahihisho ya usalama ya Linux yapate kufanya kazi. Alifanya hivyo. Mashine ikawaka, taa zikameta, lakini hakuna aliyeweza kuingia kutoka mbali. Wahasibu walikuwa jengo jingine, na watu walikuwa wakingoja mishahara yao. Kelele zikaanza. "Mzee, nimefuata maagizo yote," kijana aliniambia. Hakuna aliyemsikiliza.

Tulifanya nini? Tulibadilisha maneno ya siri! Mchana mzima tulihangaika na funguo, na kumbe hata mlango hatujaufikia. Mashine inapokunyima kuingia haikunyimi kwa namna moja tu. Ikikujibu papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, kwa kawaida mashine ipo hai, ila programu ya kupokea wageni haikuanza. Ikikwambia huna ruhusa, basi umefika mlangoni, na hapo ndipo pa kuuliza habari za neno la siri. Lakini ikikaa kimya mpaka muda ukaisha, uliza kama mashine imeamka kweli, kama anwani yake imebadilika, au kama ukuta wa moto unayameza maombi yako. Yetu ilikuwa kimya. Jibu tulikuwa nalo tangu dakika ya kwanza, tukakataa kulisoma.

Jioni mtu alikwenda kwenye chumba cha seva, akakaa mbele ya kioo chake, akaingia bila taabu yoyote. Programu ya SSH ilikuwa inafanya kazi, inasikiliza kwenye mlango wake namba 22 kama kawaida. Kilichokosekana ni sheria moja ya ukuta wa moto, ile ya kuwaruhusu wahasibu. Sheria hiyo niliiweka mimi, miezi mitatu kabla, kwa mkono, nikiwa na haraka. Sikuihifadhi. Sheria za namna hiyo hukaa katika kumbukumbu ya mashine inapokuwa macho. Ikilala, zinapotea, na ikiamka husoma zile zilizoandikwa tu. Kwa hiyo seva iliharibika siku niliyoondoka bila kuandika. Kijana aliufunua uharibifu wangu, basi.

Naye ndiye aliyepewa barua ya onyo. Mimi nilinyamaza siku mbili kabla ya kwenda kusema ukweli. Siku mbili hizo bado zinaniuma kuliko mishahara iliyochelewa.

Wapo watakaosema: dawa ni kutoizima seva kabisa. Wengine hujisifu kwamba mashine yao ina mwaka mzima haijalala. Ndugu zangu, hiyo si sifa. Mashine ambayo haijawahi kuamshwa mbele ya macho yenu ni mashine msiyojua kama inaweza kuamka. Umeme ukikatika hautawaomba ruhusa, na siku hiyo yatajitokeza makosa ya mwaka mzima kwa pamoja: huduma iliyoanzishwa kwa mkono bila kuagizwa ianze yenyewe, diski iliyoandikwa vibaya kwenye orodha ya kuunganishwa, faili la mipangilio lililohaririwa bila kujaribiwa. Kwa hili la mwisho, amri fupi ya sshd -t ingetosha kuonyesha maandishi yaliyokosewa kabla ya kuzima.

SSH yenyewe ilizaliwa kutokana na mkasa. Mwaka 1995 Tatu Ylönen aliiandika huko Finland, baada ya maneno ya siri kudukuliwa katika mtandao wa chuo kikuu chake. Hakutosheka na kumlaani mwizi. Alitengeneza njia ambayo neno la siri halipiti wazi tena. Sisi tulitafuta kichwa cha kutwisha lawama, tukamwona mdogo kuliko wote.

Nashauri hivi. Kila anayebadilisha jambo kwenye seva aliandike, kisha aiwashe upya yeye mwenyewe, kwa saa aliyoichagua, mtu mwingine akiwa karibu na mashine. Na itakapokataa kuwapokea watu, msiulize kwanza nani aliizima. Ulizeni nani aliigusa mara ya mwisho bila kuandika. Huenda, kama ilivyokuwa kwangu, mtu huyo ndiye anayepiga kelele kuliko wote.