Mtoa Kamasi Naye Apate Sindano

Mfanyakazi wa Kiomboi aliyeshikwa na homa ya mafua akichukuliwa kamasi, virusi vyake vyaweza kusomwa herufi kwa herufi na kuwekwa katika hazina ya intaneti iitwayo GISAID, iliyofunguliwa mwaka 2008. Wataalamu huzilinganisha herufi hizo, na mara mbili kila mwaka Shirika la Afya Duniani hushauri chanjo itengenezwe kwa mafua yapi.

Kazi hiyo ni njema. Lakini haki iko wapi? Mwaka 2007 Indonesia ilizuia virusi vyake vya mafua ya ndege, ikilalamika kwamba chanjo itokanayo navyo ingeuzwa ghali kwa watu wake. Mwaka 2011 mataifa yakapatana: kiwanda kipewacho virusi viwezavyo kuzua maradhi ya dunia nzima nacho kirudishe fungu. Walakini mapatano hayo yalivifunga virusi vyenyewe, si herufi zake. Na siku hizi herufi tu zatosha kuanzia chanjo.

Ndugu wananchi, tusifiche virusi. Kuficha ni kujiangamiza. Bali tudai herufi nazo zilipiwe fungu. Mtoa kamasi naye apate sindano.