Si Kila Kinachoua Seli Kinaponya Mtu

Kila wiki kwenye magrupu yetu hapakosi ujumbe kwamba mti fulani umethibitishwa kuua kansa. Hapo chini komredi wa sayansi anaongeza: "Ni kweli, nimesoma utafiti." Sawa, lakini utafiti ulifanyiwa nani? Mara nyingi ni seli tu kwenye sahani ya maabara. Na kwenye sahani, hata sabuni ya kufulia inaua seli za kansa!

Tuchukue mfano wa karibu. Mwaka 1972 mwanakemia Morris Kupchan na wenzake walitangaza maitansini, kemikali waliyoipata katika mmea wa Ethiopia. Kiasi kidogo mno kiliua seli. Wamarekani wakaja hadi Shimba Hills, Kwale, kutafuta mmea wa jamii hiyo, Maytenus buchananii. Zilivunwa zaidi ya tani 27. Wagonjwa walipopewa dawa yenyewe, wakatapika, wakaharisha, wakaishiwa nguvu. Sumu haikubagua seli nzima na mbovu. Majaribio yakaachwa.

Je, mti ulidanganya? Hapana. Baadaye wanakemia waliibadilisha kemikali hiyo kidogo, wakaifunga kwenye kingamwili inayozitafuta seli za kansa ya matiti zenye alama ya HER2. Sumu ikapata njia ya kufika panapotakiwa. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Hesabu mwenyewe: miaka 41.

Kwa hiyo sisemi tudharau mitishamba. Vinkristini, inayotibu watoto wenye kansa ya damu, inatoka kwenye ua ambalo watu wanalipanda bustanini. Lakini hospitalini inapimwa kwa miligramu na kupitishwa kwenye mshipa. Ukichemsha majani yale nyumbani, hujui umekunywa dawa kiasi gani na sumu kiasi gani.

Ninachokataa ni sisi wasomi kuruka hatua. Mama mwenye uvimbe kwenye titi akiacha kliniki miezi sita kwa sababu ya ujumbe tuliousambaza, kansa haimngojei. Wewe unayeandika ripoti ya mradi wako, andika "imeua seli kwenye sahani", usiandike "inatibu". Na shangazi akikupigia simu kukuuliza, usimcheke. Mwambie aende kliniki, na amweleze daktari kila anachokunywa. Hilo halihitaji maabara, komredi, linahitaji ukweli tu.