Mto wa Kagera Hauanzii Kyaka

Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipobadilishwa jina mwaka 1979 na kuitwa Kagera, jina hilo lilibeba kumbukumbu ya vita. Mwaka uliotangulia majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamelivamia eneo la kaskazini ya mto na kulivunja daraja la Kyaka. Ni haki kumbukumbu hiyo ifundishwe. Lakini mto wenyewe una habari nyingine, ambayo haijapewa uzito unaostahili.

Maji yapitayo chini ya daraja la Kyaka hutoka mbali. Ruvubu huyaleta kutoka Burundi na Nyabarongo kutoka milima ya Rwanda, na mito hiyo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Wanyarwanda huuhesabu Nyabarongo kuwa mto mrefu kupita yote ya nchi yao. Na katika mito inayoingia Ziwa Viktoria, hakuna unaouzidi Kagera kwa wingi wa maji. Ndiyo maana Tanzania, Rwanda na Burundi ziliunda mwaka 1977 shirika la pamoja la kuliendeleza bonde lake, Uganda ikajiunga mwaka 1981. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 2004, mitambo ya umeme ya Rusumo ikiwa bado katika makaratasi. Ujenzi ulianza 2017, na umeme wa megawati 80, unaogawanywa baina ya nchi tatu, ukaanza kuzalishwa 2023. Miaka 46 si michache.

Hata hivyo kosa lisitafutwe Kigali na Bujumbura peke yake. Mto wa Ngono hukusanya maji ya Bukoba na Muleba na kuyamimina Kagera. Katika nchi ya Kagoma na majirani zake, vibanja vya migomba na kahawa viko miinukoni, na mafunjo ya mabondeni ndiyo huyachuja maji yanayotelemka. Bonde likifyekwa hadi ukingoni huzaa misimu michache, kisha udongo huelekea ziwani. Mkulima ambaye kibanja alichorithi hakimtoshi, na ambaye sheria hajaelezwa, si wa kulaumiwa kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Kuieleza sheria hiyo ni kazi ya watumishi wa umma, na tangazo lililobandikwa ukutani mwa ofisi ya kata halitoshi. Mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi mtoni na kamba, wazipime wenyewe mita hizo 60. Afisa kilimo naye hana budi afike bondeni kabla ya mvua za masika, akiwa na jibu kwa mkulima atakayemwuliza alime wapi badala ya hapo.