Bumu Lisiishie Kwenye Namba ya RAM

Bumu likiingia tu, hosteli zetu zinageuka maonyesho ya vifaa. Huyu kaleta spika, yule kaleta RAM yenye taa zinazowaka kama ukumbi wa harusi. Na mimi nilikuwemo. Muhula uliopita niliongeza shilingi 70,000 ili nipate RAM ya 3600 badala ya 2666, nikijua mradi wangu wa mwaka wa mwisho utapaa. Siku ya tatu mwenzangu wa chumba akafungua Task Manager, akacheka: "Mwanangu, mbona hapa imeandikwa 2666?" Prosesa na mazabodi yangu haviruhusu kuvuka hapo. Hela ya msosi wa wiki mbili nilikuwa nimenunulia namba ya kwenye boksi.

Ndiyo maana nasema: kwa wengi wetu, RAM ya mwendo kasi ni kitu cha kununua mwisho, si mwanzo.

Tuanze na namba yenyewe. 3200 maana yake data inahamishwa mara milioni 3,200 kwa sekunde. Lakini pembeni kuna namba nyingine, CL, ambayo muuzaji haitaji. Hiyo inaonyesha RAM inasubiri mizunguko mingapi kabla ya kuanza kujibu. Chukua CL, zidisha kwa 2,000, gawanya kwa mwendo, utapata nanosekunde. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inatoa 10. Ya 3600 yenye CL18 inatoa 10. DDR5 ya 6000 yenye CL30? 10 vilevile. Sisemi ziko sawa, maana yenye namba kubwa inabeba mzigo mkubwa zaidi kwa sekunde. Ila kwenye kusubiri jibu la kwanza, hakuna aliyemwacha mwenzake.

Sasa angalia matumizi yetu. Una GB 8, umefungua kurasa ishirini za intaneti, AutoCAD na ripoti ya mafunzo kwa vitendo. RAM ikijaa, kompyuta inaanza kukopa nafasi kwenye diski, na diski ni mzee wa kujikongoja ukiilinganisha na RAM yoyote ile. Hapo dawa ni GB 16 za kawaida, si GB 8 za mbio.

La pili, funga vipande viwili vinavyofanana. Kipande kimoja cha 3200 kinapitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde. Viwili kwenye njia mbili, 51.2. Barabara imepanuliwa bila kulipia mbwembwe. Kitabu cha mazabodi kitakuonyesha nafasi zipi za kutumia.

La tatu, ingia BIOS uangalie kama XMP imewashwa. Kuna watu wamenunua RAM ya 3600, kompyuta yao inaiweza, lakini tangu siku ya kwanza inatembea taratibu kwa sababu hakuna aliyegusa hiyo sehemu. Ukishaiwasha, ipime usiku mzima kwa MemTest86. Likitokea kosa hata moja, shusha mwendo. Kasi inayoharibu faili la utafiti wako si kasi, ni hasara.

Najua wapo watakaobisha, na wana hoja. Anayetumia prosesa yenye grafiki za ndani, kama Ryzen 5 5600G, anafaidika kweli na RAM ya kasi, kwa sababu picha zote zinapita humohumo. Huyo anunue, lakini kwanza asome mazabodi yake inafika wapi, na ni DDR4 au DDR5, maana hizo haziingiliani hata ukisukuma kwa nyundo.

Na hili si letu peke yetu. Kwenye maabara yetu ya kompyuta nimeangalia mashine sita: zote zina kipande kimoja cha GB 8, na nafasi ya pili iko wazi. Kila siku tunapanga foleni kulaumu mashine ni mbovu. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, kabla ya kuomba kompyuta mpya zisizojulikana zitakuja lini, ombeni kipande cha pili cha RAM. Hilo linawezekana muhula huuhuu.

Wewe mwenye bumu mkononi, kabla hujapanda daladala kwenda dukani, fungua Task Manager kwanza. Mimi sikufungua, nikala mihogo wiki mbili.